Paris–Roubaix ya wanawake: mtu mmoja anawezaje kulishinda kundi zima?

Tairi_Jembamba
Wadau, naomba kueleweshwa. Kwenye mbio nyingi za baiskeli za siku moja, mtu akichomoka mapema najua atakamatwa tu, maana kundi linapokezana kukata upepo na yeye hana wa kumpokea. Mbona Paris–Roubaix, zile mbio za Ufaransa, ni tofauti? Mwaka 2021, zilipofanyika kwa mara ya kwanza kwa wanawake, Lizzie Deignan alichomoka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 80 na hakukamatwa. 2023 Alison Jackson naye alishinda kutoka kikundi kilichotangulia mapema. Siri ni nini?

Mnyororo
Siri ni mawe, ndugu yangu. Mwaka ule wa 2021, kati ya Denain, mji wa kuanzia, na uwanja wa baiskeli wa Roubaix wanakomalizia kulikuwa na vipande 17 vya njia za mashambani zilizotandikwa mawe, jumla karibu kilomita 29. Njia ni nyembamba na kila mtu anagombea pale katikati. Wa mbele anajichagulia pa kupita. Wa ishirini haoni hata jiwe lililo mbele ya gurudumu lake. Mmoja akiteleza, wanaomfuata wanaanguka naye.

Deignan hakuwa hata tegemeo la timu siku ile. Alitakiwa awahi mbele kwenye kipande cha kwanza ili awasaidie wenzake. Akageuka, akaona pengo, akaendelea. Mawe yameloa, tope kila mahali, gurudumu la nyuma linamponyoka na bado anakanyaga pedeli! Hakuvaa glavu, na alipomaliza usukani wake ulikuwa na damu. Aliyemfukuza ni Marianne Vos, si mtu wa mchezo huyo, na bado alifika zaidi ya dakika moja nyuma. Mimi sijaona ushindi mkubwa kuliko ule.

Pancha_Mbili
Mnyororo kasema kweli, ila si kila mwaka. 2024 walifika sita pamoja na Lotte Kopecky akawazidi kwa kasi ya mwisho. Naongezea ufundi: Pauline Ferrand-Prévot, aliyeshinda 2025, alikuwa bingwa wa Olimpiki wa baiskeli za milimani mwaka uliotangulia. Anajua kuiacha baiskeli irukeruke chini yake bila kuikaba. Anayeng'ang'ania usukani anachoka mikono mapema.

Tairi_Jembamba
Asanteni sana. Kilichoniuma ni malipo ya 2021. Deignan alipewa euro 1,535, na kesho yake mshindi wa wanaume akapewa 30,000. Mawe ni yaleyale!

Mnyororo
Hata mimi liliniuma, na ni haki tulipigie kelele. Mwakani usingoje kilomita za mwisho. Washa runinga kabla hawajaingia kwenye mawe ya kwanza, uangalie nani anapigania nafasi ya mbele.