Miduara ya chungwa kwenye nyumba ya chokaa: nipake au nitundike?

MamaNunuu:
Wanajamvi, shikamooni mnaostahili, wengine habari za saa hizi. Nimepanga Ngamiani hapa Tanga, nyumba ya zamani, kuta nene za mawe na chokaa, sebule futi 10 kwa 12. Nataka ukuta mmoja urudi miaka ya 70: miduara ndani ya miduara, chungwa, haradali na kahawia, kama mapazia ya bibi yangu kule Pangani (yaliishia kuwa matambara ya kudekia, mpaka leo yananiuma). Juu ya kochi nataka picha inayowaka kwa nyuma. Sasa, mwaka jana nilipaka rangi ya mafuta. Masika yalipoingia ikafanya malengelenge, ukibonyeza chumvi inamwagika kama unga. Na baba Nunuu anasema sebule itafanana na kwa kinyozi. Nifanyeje?

FundiRangi_Bagamoyo:
Dada, kosa ni rangi ya mafuta. Ukuta wa chokaa unapumua. Maji yanapanda toka chini na chumvi yake, ukiyaziba yanatafuta pa kutokea. Huku Mji Mkongwe wa Bagamoyo tunayaona kila masika. Kwangua, piga brashi kavu, paka chokaa, basi. Michoro iweke kwenye plaiwudi, na nyuma uache nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Ukihama unabeba, mwenye nyumba hana la kusema.

Kipepeo78:
Miduara sawa, ila usijaribu ile mistari inayovimba kama mpira, aliyokuwa akiichora Victor Vasarely, yule mchoraji wa michoro ya kudanganya macho. Mimi niliiweka kwenye korido, mama mkwe akapita ameshika ukuta.

Mzee_wa_Chumbageni:
Mwanangu, picha ya kununua ya nini? Chukua kanga, pindo lake lina maumbo tele. Tengeneza boksi la mbao, kina sentimita 8, ndani lipake nyeupe. Zungushia mkanda wa taa za LED wa volti 12, kanga iwambe mbele. Iwe yenye mji mweupe au wa njano, maana nyeusi haipitishi mwanga. Taa zikikaribia kitambaa utaona vitone vitone. Tafuta mwanga wa njano, kelvini 2700. Ule mweupe mkali unaipausha chungwa mpaka inakuwa kama dawa ya kikohozi. Na gundi ya mkanda usiiamini kwa joto letu hili, funga klipu.

MamaNunuu:
Nimerudi, ahsanteni. Plaiwudi zimekaa, hata baba Nunuu kanyamaza. Boksi linawaka vizuri, mzee wangu, tatizo ni jina la kanga. Nilichagua kwa rangi tu, sikusoma. Usiku "HASIDI HANA SABABU" inasomeka mpaka barabarani. Jana wifi kaja, kaitazama, kaniuliza, "Hiyo ni yangu?" Chai hakunywa. Nikilikunja jina kwa ndani, pindo la chini si litapotea?