MGB yenye kabureta mbili: plagi za mbele nyeusi, za nyuma nyeupe. Nianzie wapi?

Mpenda_Vikongwe: Wakuu, habari zenu. Nina gari la michezo la Kiingereza, MGB ya 1969, injini cc 1798, kabureta mbili za SU HS4. Ikishapata moto silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na nikiachia mafuta kwenye mteremko eksozi inapiga risasi. Jana nimefungua plagi: namba 1 na 2 zina masizi makavu yanayobaki kidoleni, 3 na 4 nyeupe kama chaki. Nati za chini ya kabureta, zile za kurekebisha petroli, nimezizungusha mpaka sikumbuki nilipoanzia. Gari hili nalipenda mno, naogopa kutoboa pistoni.

Spana_Nusu: Mkuu, weka spana chini kwanza. Mchanganyiko wa hewa na petroli hurekebishwa mwisho kabisa. Hakikisha tapeti (nafasi za valvu), mwanya wa platini (0.35 hadi 0.40 mm) na taimingi (wakati wa cheche) viko sawa, la sivyo utazunguka na nati hadi kesho. Halafu 3 na 4 zinalishwa na kabureta ya nyuma. Weupe ule ni hewa nyingi, petroli kidogo, na mimi nashuku inavuta hewa ya wizi kwenye gasketi ya kabureta. Injini ikiwaka, pulizia kisafisha kabureta pale kwenye maungio. Muungurumo ukibadilika, umempata mwizi.

Mama_Injini: Hapo kwenye kupulizia sikubaliani, ndugu yangu. Kwenye MGB eksozi iko chini ya kabureta, upande huohuo, na inakuwa moto wa kuunguza; kisafisha kinaweza kushika moto. Nyunyizia maji kidogo tu, yanatosha kuonyesha.

Spana_Nusu: Kweli dada, nimekosea. Tumia maji.

Mama_Injini: Ukishaziba, pandisha kila nati mpaka jeti (tundu la petroli) ilingane na daraja lake, yaani sakafu ya njia ya hewa ndani ya kabureta, kisha iteremshe pande 12 za nati, yaani mizunguko miwili. Hapo una mwanzo mpya. Legeza kiungo kati ya kabureta, shika bomba jembamba la mpira sikioni na usikilize mdomo wa kila moja; mvumo ulingane. Injini ikiwa moto, inua pistoni ya kabureta milimita moja kwa kile kipini cha pembeni. Mlio ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi, pandisha nati. Ukishuka injini ikataka kuzima, petroli haitoshi, teremsha. Upande mmoja wa nati kwa wakati, usiwe na haraka.

Kipepeo72: Na usisahau oili ya juu ya kabureta, SAE 20. Ikikauka, ukikanyaga ghafla inakohoa, unadhani ni mchanganyiko.

Mpenda_Vikongwe: Nimerudi wakuu. Gasketi ya nyuma ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele! Nimebadilisha, nikaanza na pande 12. Ya mbele imetulia kwenye 10, ya nyuma 11. Nikiinua kipini mlio unapanda kidogo kisha unatulia. Plagi zote nne sasa zina rangi ya kahawia hafifu. Mama Injini, asante sana.