Kujiunga na kikosi cha kujitolea cha utafutaji na uokoaji porini: je, uzoefu wa Kilimanjaro unasaidia huku Washington?

Mgumu wa Marangu aliuliza:

Wakuu, salaam. Ninaishi karibu na Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani, na kabla ya kuja huku nilikuwa mpagazi, kisha msaidizi wa kiongozi wa watalii katika Mlima Kilimanjaro. Kwa sasa ninafanya kazi ghalani kwa zamu, na siku za mapumziko hupanda vilima vya North Bend, hasa Mount Si na Mailbox Peak. Huko ndiko nilikowaona watu waliovaa helmeti wakishuka na machela yenye gurudumu moja katikati, wamembeba msichana aliyevunjika mguu, na nilipowauliza kama wameajiriwa na serikali walinijibu kwamba wote wanajitolea na hawalipwi hata senti. Machela ile niliitambua mara moja, kwa kuwa inafanana sana na ile tuliyokuwa tukishuka nayo kutoka kambi ya Kibo hadi kambi ya Horombo tukiwa na mtalii aliyezidiwa na mlima.

Ningependa kujiunga nao. Naomba kufahamishwa na wenye uzoefu: mgeni mwenye kibali cha ukaazi anapokelewa? Lafudhi yangu ya Kiingereza itakuwa kikwazo kwenye redio? Na je, miaka yangu ya mlimani itahesabiwa, au nitaanza sawa na mtu ambaye hajawahi kupanda hata kichuguu?

Dira Mkononi alijibu:

Kaka, karibu sana. Mimi ni mwanachama wa kikosi cha kaunti jirani na hiyo ya kwako. Kwa sheria za jimbo hili, mwenye dhamana ya kumtafuta mtu aliyepotea porini ni sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na vikosi vya kujitolea hufanya kazi chini yake. Ndiyo maana hatua ya kwanza huwa si kupima nguvu za miguu yako bali kujaza fomu, kuchunguzwa rekodi zako za polisi, kisha kuandikishwa na kupewa kitambulisho cha mtumishi wa dharura. Masharti ya ukaazi hutofautiana kati ya kaunti na kaunti, kwa hiyo uliza katika mkutano wa utambulisho kabla hujanunua kifaa chochote. Kuhusu ugeni, usijisikie mnyonge: chama kilichozaa Seattle Mountain Rescue ya leo, kikosi cha kujitolea cha uokoaji milimani, kilianzishwa mwaka 1948 na Ome Daiber, Wolf Bauer na Otto Trott, na hao wawili wa mwisho walizaliwa Ujerumani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo waliopanda milima mikubwa hawapendi kulisikia. Kule Kilimanjaro mgonjwa yupo njiani au kambini, ameandikishwa getini, ana kiongozi, na kazi yenu ilikuwa kumshusha haraka. Huo ni uokoaji. Huku, mara nyingi sehemu ngumu huja kabla ya hapo, kwa maana hakuna anayejua mtu yuko wapi, na kinachojulikana ni gari lake tu lililoachwa kwenye maegesho. Hapo kasi uliyozoea inaweza hata kudhuru, kwa sababu anayekimbia huzipita dalili.

Chukua mfano wa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aliyetoka nyumbani jioni. Watu wa aina hiyo mara nyingi hupatikana si mbali na walipoonekana mara ya mwisho, wamenasa kwenye vichaka, na wengi hawaitikii wakiitwa kwa jina. Mtoto mdogo naye huweza kujificha kwa kuwaogopa watu wasiowajua wanaopiga kelele. Kwa hiyo mnajipanga mstari, mkiachana hatua chache, na kila mmoja anawajibika kwa kipande chake: unainamisha majani ya kangaga, unamulika chini ya gogo lililoanguka, halafu unageuka kutazama ulikotoka, kwa kuwa kitu kilichofichwa na shina ulipokuwa unakuja huonekana ukikitazama kutoka upande wa pili. Ukiona karatasi ya peremende, huigusi. Unasema “simama”, mstari wote unasimama, unafunga utepe wa rangi kwenye tawi la karibu, na kiongozi anataja mahali hapo kwenye redio. Saa nne za kazi hiyo kwenye mvua zinaweza kumalizika mkiwa mmepekua eneo dogo tu, na jibu mnalorudi nalo kambini ni kwamba hapo hayupo. Jibu hilo lina thamani kubwa, kwa kuwa waliokaa na ramani hulitumia kuamua kikosi kinachofuata kielekezwe wapi.

Dira ndiyo itakayokupa kazi zaidi. Kaskazini mwa Tanzania, tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani ni ndogo mno, na sidhani kama kuna mtu Moshi anayeijali. Magharibi mwa Washington dira huelekea mashariki kwa takriban nyuzi 15. Usipoirekebisha, ukitembea kilomita moja utakuwa umepotoka kama mita 260, na katika msitu ambamo huoni mita ishirini mbele, huo ni upotevu kamili. Mafunzo yetu ya msingi huchukua wikendi kadhaa za msimu wa mvua, na sehemu kubwa ni kutembea bila njia, usiku, kwa dira na ramani. Hapo mtaanza sawa wewe na kijana wa sekondari, na usishangae kuwakuta vijana, kwani vikosi vingine hupokea hata wenye umri wa miaka 14.

Ila siku ya kubeba machela watakushukuru. Huwa tunaibeba tukiwa watu sita, kwa zamu, na kwenye mteremko wenye mawe wengi hawajui kuweka mguu huku mikono ikiwa na mzigo.

Muuguzi wa Tacoma alijibu:

Naongeza kidogo kwa upande wa afya na mfuko. Kozi za ICS-100 na IS-700 za FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa, zinazoeleza jinsi tukio la dharura linavyoongozwa, ni za bure mtandaoni, kwa hiyo unaweza kuzimaliza hata wiki hii. Kozi ya huduma ya kwanza ya porini, ambayo kwa kawaida huchukua saa 16, hulipiwa, lakini baadhi ya vikosi huwasaidia wanachama wao. Begi la kujitegemea kwa saa 24 utaliandaa mwenyewe, na hapo ndipo fedha huondoka. Nunua vya mitumba. Koti zuri la mvua ndilo ambalo sikushauri ulibanie.

Ndugu yetu atavuta kwanza maarifa ya ugonjwa wa mwinuko, nayo huku hayatumiki sana. Kilele cha Mailbox Peak hakifiki mita 1,500, maana yake kiko chini kuliko geti la Marangu alilokuwa akianzia safari. Adui wa huku ni ubaridi wa mvua, hata pakiwa na nyuzi tano juu ya sifuri. Mtu aliyelowa huanza kwa kutetemeka, na ukiona ametulia ghafla na maneno yanamtoka kwa shida, usifurahi, kwa kuwa mwili umeshindwa. Mtenge kwanza na ardhi kwa godoro au hata begi lako, mvue nguo zilizolowa, mfunike, na umpe kinywaji chenye sukari endapo tu ana fahamu na anaweza kumeza. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani.

Jingine ni kwamba kuna siku mtampata mtu akiwa amekwisha kufariki. Uliza mapema kikosi kina utaratibu gani wa kuwahudumia wanachama baada ya tukio la namna hiyo, na kama wanalikwepa swali, tafuta kikosi kingine.

Mgumu wa Marangu aliandika:

Nawashukuru sana wote wawili. La dira sikulitarajia kabisa. Yamebaki mawili. La redio halijajibiwa, na pia nahofia kupigiwa simu nikiwa kazini.

Dira Mkononi alijibu:

Kwenye redio hatutumii misimbo, tunatumia maneno ya kawaida, na namba husomwa tarakimu moja moja kisha anayepokea huzirudia, kwa hiyo lafudhi si tatizo mradi husemi haraka. Wito huja kwa ujumbe wa simu na unajibu kama utaweza au hutaweza. Hakuna anayekulazimisha, ingawa vikosi vingi huweka kiwango cha chini cha mahudhurio kwa mwaka. Zamu zako ni faida kwetu: Jumamosi watu hujaa, lakini Jumanne saa nane mchana, wengi wakiwa ofisini, hutafutwa hata wa kujaza gari moja. Jambo moja tu ulizingatie: usianze kutafuta kabla hujasaini kwenye orodha ya tukio, kwani jimbo hulipia majeraha ya mtumishi aliyeandikishwa kwenye operesheni yenye namba rasmi, si ya mtu aliyejitosa mwenyewe. Vikosi vingi huanza mafunzo majira ya vuli, kwa hiyo peleka fomu wakati wa kiangazi.