Kumbukumbu za wagonjwa kwenye TiddlyWiki, nimeponea chupuchupu

Tabibu_Uyole: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko zahanati binafsi huku Mbeya. Rejista za MTUHA, zile za serikali za taarifa za huduma za afya, tunajaza kama kawaida, ila wagonjwa wangu wa sukari na presha nina daftari lao kwenye TiddlyWiki, programu ya kuandikia kumbukumbu. Ni faili moja tu, linafunguka kwenye brauza hata bila intaneti, natembea nalo kwenye flashi. Juzi nikaenda Mwanjelwa kuprinti barua. Kijana wa steshenari akabofya faili silo, kioo kizima kikajaa jina la mama mmoja na sukari yake, 17.8. Nyuma yangu foleni ya watu wanne. Nilichomoa flashi nikaondoka, barua nikaiacha. Nifanyeje?

Fundi_Kabwe: Pole mkuu. Nenda kwenye kichupo cha zana, pembeni kulia, kuna sehemu ya kuweka nywila. Weka, kisha hifadhi. Asiye nayo hasomi kitu. Sasa hivi hata Notepad inalisoma. Mtego uko hapa: kama huna kihifadhi maalumu, yaani nyongeza ya kuhifadhi juu ya faili lilelile, kila ukihifadhi brauza inashusha nakala mpya kwenye Downloads. Kaangalie, za zamani zote ziko wazi. Na nywila ukiisahau imekula kwako, hakuna wa kukurudishia.

Nesi_Ilula: Mi naona aondoe majina tu, aweke namba za jalada.

Mzee_Mafinga: Namba haitoshi, dada. Ukiandika "muuza parachichi wa stendi, kakatwa vidole viwili vya mguu", huku kwetu nani hamjui? Halafu tabibu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na habari za afya imeziweka kwenye taarifa nyeti. Mwenye zahanati anajua kuwa una hilo daftari?

Tabibu_Uyole: Hajui, mzee wangu. Nimefungua Downloads nikaishiwa nguvu: nakala 41! Nazifuta hapa.

Fundi_Kabwe: Na pipa la taka ulimwage. Ile flashi nayo usiichomeke tena steshenari, nunua nyingine ya barua.

Mzee_Mafinga: Bosi asije akayasikia Mwanjelwa.

Tabibu_Uyole: Kesho asubuhi naingia ofisini kwake. Yule mama kliniki yake ni Alhamisi, naye sijui nitaanzia wapi.

Nesi_Ilula: Mwite pembeni kabla hujampima presha. Ukimwambia kwanza, itapanda.

Mzee_Mafinga: Dada, hapo umejichanganya. Mpime kwanza.