Grupu la familia: Besdei ya Bibi 🎂 tarehe 9

*Jumapili, 1 Desemba*

Mama Sabra: Assalam alaykum familia. Nimefungua hili grupu pembeni, mama hayumo, naomba lisivuje. Tarehe 9 inaangukia Jumatatu na ni sikukuu ya Uhuru kwa iyo hakuna wa kusema yuko kazini. Mama anatimiza 63. Sharti langu moja tu, siku iyo mama asishike mwiko. Kila shughuli ya nyumba hii yeye ndo yuko jikoni tangu alfajiri, harusi yangu kapika yeye, akika ya Rayani kapika yeye, Idi ndo usiseme, watu wanakula wanamaliza yeye anakuja kukaa sahani zinaoshwa

Sabra: Waalaykum salaam. Mama kwani kitambulisho cha bibi si kinasema tarehe 1 Julai?

Mama Sabra: Iyo iliwekwa tu siku ya kujiandikisha sababu cheti hana. Marehemu bibi yetu ndo alokua akituhadithia, uchungu ulimshika usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Dar huko bendera ya Mwingereza inashushwa ya Tanganyika inapandishwa, Nyirenda yuko juu Kilimanjaro na mwenge, na yeye yuko Pangani ndani ya chumba watu wote wako nje kwenye ngoma, mkunga anatafutwa haonekani. Mama kazaliwa na adhana ya alfajiri

Anti Dar: 😭😭 ndo maana wazee wa Pangani mpaka leo wanamwita Uhuru. Mimi nipo. Mchango elfu 30 kila mtu, keki niachieni naleta kutoka huku, ya ngazi 3 na picha yake juu

Mjomba Muheza: Keki ya kutoka Dar ndani ya basi mpaka Tanga, joto la Desemba hili, ikifika Segera ishakua uji. Mimi natoa mbuzi, tumchome mzima tumkalishe kwenye sinia na majani mdomoni, ndo keki yetu wakubwa iyo

Sabra: Mjomba mbuzi sawa ila nisemee sukari ya bibi jamani, mimi ndo nampima kila wiki. Saivi imetulia sitaki siku moja iharibu. Keki ya krimu ile hapana

Baba Rayani Muscat: Salaam wote. Mimi siji, ruhusa sijapata, naumia sana. Ila naomba niseme kitu. Mama hajawahi kupenda keki, mnakumbuka ile ya harusi alikula tonge moja akampa mtoto. Mama anapenda mkate wa kumimina. Ule wa makaa juu na chini, si wa oveni. Tulivyokua wadogo hakukua na besdei wala nini ila siku ukifaulu mtihani au umetoka jandoni unaamka unasikia harufu ya iliki na nazi, unajua leo mkate ni wangu, kipande cha kwanza changu. Mimi mpaka leo huku nikisikia iliki nakumbuka jiko letu la Ngamiani

Anti Dar: Kaka umenimaliza. Keki nafuta

Mama Sabra: Basi mkate. Nani anaujua? Mimi wangu unakaaga chini hauinuki

Mjomba Muheza: mke wangu anaujua, alifunzwa na mama mwenyewe. Anasema hivi: mchele vikombe 2 uloweke usiku kucha, asubuhi usage na tui zito kikombe kimoja na nusu, iliki na hamira kijiko cha chai, usage mpaka ukishika kwa vidole usisikie chenga. Uache uumuke. Sukari mwisho, na ute wa yai moja, hapo koroga taratibu mwiko uende upande mmoja. Sufuria ipate mafuta na moto kwanza ndo umimine. Ukianza kutoboka vitundu juu funika, makaa mengi yapande kwenye mfuniko chini ubakishe machache. Anasema Mama Sabra wako haupandi sababu unafunua funua kuchungulia

Mama Sabra: 😂😂 mwambie wifi nimekubali kosa

Sabra: Sukari ipungue nusu tafadhali. Na mchele wenyewe unapandisha pia, kwa iyo bibi kipande kimoja na siku iyo wali kidogo, nyama na kachumbari ale atakavyo

Anti Dar: Watu wangapi? Pilau nisimamie mimi, kilo 7 za mchele wa Kyela kwa watu 35. Na viazi naweka, msianze

Mjomba Muheza: Viazi vya nini kwenye pilau ya mbuzi

Anti Dar: Mama anavipenda. Imeisha iyo

Mama Sabra: Watoto juisi ya embe, dodo zimejaa soko la Mgandini bei ya chini. Visheti na kashata tunafunga kwenye vimfuko kila mgeni aondoke nacho. Na wajukuu nawaambia mapema, mambo ya kumwagia mtu maji sababu ya besdei msimfanyie bibi, mwagianeni nyinyi uani

*Jumatatu, 9 Desemba*

Anti Dar: Pilau imeiva. Mama kaingia jikoni mara 3 tumemtoa mara 3, saivi kakaa barazani na kanga mpya anauliza kitunguu mlikiacha kikawa cha kahawia kweli au mmeharakisha

Mjomba Muheza: Mkate umepanda!! 📷📷

Baba Rayani Muscat: Mashaallah!!! nipigieni video wakati wa kukata, huku tumewatangulia saa moja mimi nakula chakula cha mchana nawasubiri

Sabra: Anko simu ilikata mtandao ukazingua. Kakata mwenyewe, kalisha kuanzia mtoto mdogo kabisa mpaka jirani wa mwisho, tumemlazimisha akae na sisi tumemlisha yeye. Machozi yamemtoka kidogo. Anasema hajawahi kukaa kwenye shughuli mpaka mwisho

*Mama Sabra amemwongeza Bibi*

Mama Sabra: Mama humu ndo tulikua tunapanga, soma yote toka juu kwenye simu ya Sabra, kwako ya nyuma hayaonekani

Bibi: Asanteni wanangu na wajukuu wangu Mungu awakuzie na nyinyi. Nimesoma na miwani ya Sabra. Pilau nzuri kitunguu kimeiva. Mkate laini sana mwambieni mkwe wangu mkono wake ndo mkono wangu. Nimekula kipande kimoja Sabra shahidi

Bibi: Baba Rayani chako nimekikata cha katikati nimekifunga kwenye karatasi nimeweka friza. Hakiguswi mpaka uje