Naomba ushauri: nimtambueje buibui mrukaji huyu mdogo?

Wakuu, ukutani kwangu hapa Sinza kuna buibui warukaji wasiofika hata milimita 4. Kwamba ni wa familia ya Salticidae sina shaka: macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za daladala, na hawategi utando, wanarukia mawindo.

Shida ni spishi. Menemerus bivittatus, yule bapa wa kwenye kuta, hufika karibu milimita 9, kwa hiyo si huyo. Huyu wangu ni mweusi wa kung'aa, miguu ya mbele minene. Vile vigusio viwili vya karibu na mdomo vimevimba nchani, dalili ya dume aliyekomaa, basi si mtoto wa spishi kubwa. Rangi haitoshi, wataalamu huangalia umbo la vigusio hivyo, na kwa jike, sehemu ya uzazi chini ya tumbo.

Je, lenzi ya kubandika kwenye simu inaweza kuonyesha hayo, au lazima nimhifadhi kwenye spiriti nitafute hadubini? Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya zoolojia, wanapokea vielelezo vya mtu wa mtaani?

Wa kunishauri nipulize dawa, pita tu mkuu.