Antivairasi inakamata kuki za ufuatiliaji kila siku kwenye kompyuta za steshenari, nifanyeje?

Toner_Sinza
Wakuu, habari za majukumu. Nina kompyuta za steshenari hapa Sinza, Windows 10, brauza ni Chrome. Wateja wanaombea ajira na mkopo wa HESLB, wengine mambo ya TRA na BRELA. Antivairasi kila ikikagua inaleta orodha ndefu ya kuki za ufuatiliaji. Nazifuta, kesho yake zimejaa tena. Nikifuta kuki zote, barua pepe ya ofisi nayo inatoka. Je, hivi ni virusi? Nilipie toleo kubwa la antivairasi?

Fundi_Nyaya
Si virusi mkuu, na usilipie chochote kwa ajili ya hilo. Kuki ni kipande cha maandishi ambacho tovuti inakihifadhi kwenye brauza yako, kisichozidi takriban KB 4. Hakijiendeshi wala hakiambukizi faili. Antivairasi inaitambua kwa anwani ya tovuti iliyoiweka tu: ikikuta doubleclick.net, ambayo ni ya Google, inaipiga muhuri wa ufuatiliaji. Microsoft Defender haihangaiki nazo.

Zinarudi kwa sababu unafuta zilizoingia tu. Mteja akifungua tovuti yenye matangazo, zinaandikwa upya palepale. Januari 2020 Google walisema wataziondoa kwenye Chrome, wakaahirisha, na Julai 2024 wakaachana na mpango huo. Kwa hiyo kuzizuia ni kazi yako:

1. Andika chrome://settings/cookies kwenye sehemu ya anwani, chagua kuzuia vidakuzi (ndizo kuki) vya washirika wengine, yaani vya tovuti tofauti na ile uliyoifungua.
2. Kuzuia hakufuti za zamani. Bonyeza Ctrl+Shift+Delete, chagua muda wote, weka tiki kwenye vidakuzi pekee. Picha zilizohifadhiwa ziache, la sivyo brauza itazipakua upya na bando litaliwa bure. Utatolewa kwenye akaunti nyingi mara hii moja.
3. Ukurasa wa malipo ukizunguka bila kufunguka au ukikurudisha mwanzo, rudi hapo hapo kwenye mipangilio, ongeza anwani ya tovuti uliyopo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Ukitaka na matawi yake yote, tanguliza [*.] bila nafasi.

Antivairasi ikishindwa kuzifuta, funga Chrome kwanza. Ikiwa wazi inalishikilia faili lake la kuki.

Bi_Seva
Hayo yote sawa, ila mimi nisingeanzia kwenye matangazo. Tangazo la viatu likimfuata mtu mpaka Mbagala, hajaibiwa. Kwenye steshenari kuki ya kuogopa ni ile inayomtambulisha mteja aliyeingia kwenye akaunti yake. Akifunga kichupo akaondoka bila kubonyeza kutoka, anayefuata kwenye kiti anaweza kufungua tovuti ileile akakuta vyeti na taarifa za mwenzake. Antivairasi haitapiga kelele, maana kuki hiyo ni halali kabisa.

Wateja wape wasifu wa Mgeni (Guest) wa Chrome. Dirisha la mwisho la Mgeni likifungwa, kuki zote zinafutika, hata za matangazo. Usitegemee wakumbuke kuuchagua. Nakili njia ya mkato ya Chrome, bofya kulia, fungua sifa zake. Kwenye mstari wa faili linaloendeshwa (Target), nenda mwisho kabisa, nje ya alama za kunukuu, acha nafasi moja, andika --guest. Njia nyingine za Chrome ziondoe kwenye eneo-kazi.

Panapoharibika ni pawili. Madirisha ya Mgeni yanatumia kuki zilezile, kwa hiyo likibaki moja limejificha chini, mteja anayefuata anarithi ya aliyepita. Pili, faili zilizopakuliwa hazifutiki. PDF za NIDA na vyeti vinabaki kwenye folda ya vipakuliwa mpaka uvifute mwenyewe, kisha umwage na pipa la taka.

Toner_Sinza
Asante dada. Na barua pepe ya ofisi?

Bi_Seva
Itenge. Tengeneza akaunti ya pili ya Windows isiyo na haki za msimamizi, hiyo ndiyo ya wateja. Ya ofisi iwe na nenosiri. Wakiwa kwenye akaunti moja na wewe, hata --guest haitasaidia: mjanja atafungua Chrome ya kawaida na kukuta barua pepe yako.

Kipanga_Tabata
Nyongeza kwa anayeng'ang'ania Chrome ya kawaida. Kuna kuki zinazotakiwa kufa brauza ikifungwa. Ukiweka Chrome iendelee pale ulipoachia, hazifi. Na ukiiruhusu kuendesha programu za chinichini, brauza inaweza kubaki hai hata madirisha yote yamefungwa. Zima vyote viwili.

Firefox ni rahisi zaidi, tangu 2022 inatenga kuki za kila tovuti bila wewe kugusa kitu. Kwenye about:preferences#privacy unaweza kuagiza zifutwe kila inapofungwa. Hali kali ya kuzuia ufuatiliaji kwenye mashine za wateja sipendekezi, inavunja baadhi ya kurasa na utaitwa kila dakika.

Fundi_Nyaya
Kingine, Toner. Microsoft waliacha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Hela uliyotaka kununulia antivairasi, angalia kwanza kama mashine zinapokea Windows 11: fungua mipangilio, sehemu ya masasisho. Zikigoma, taja hapa modeli ya prosesa na kama TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya mashine inayodaiwa na Windows 11) imewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka.